Kaburi la Ukingoni

Jumatatu, 4 Septemba

Zamu yangu wiki hii. Kizibao namba kumi na tisa bado kinanuka dawa ya mgongo ya Bi Mkubwa. Nimekifua, nimekianika, wapi! Mradi wa ajira unasema kaya moja, mtu mmoja. Sisi ni wajane wawili wa mtu mmoja, ua mmoja, jiko moja — basi kaya moja. Wiki yeye, wiki mimi. Nyapara akiita "kumi na tisa," anaitikia yeyote aliyekivaa.

Leo tumemaliza kizuizi cha chini kabisa. Mawe yamekaa ndani ya masanduku ya waya kama mikate kwenye kabati la duka. Nilipanda juu nikaruka-ruka — hakitikisiki! Nyapara akanikemea, lakini na yeye alikuwa anacheka. Nyasi tulizopanda kandokando ya korongo zimeshika, ndoo kwa ndoo tumezinywesha sisi wenyewe. Mvua ikija, tope litabaki juu ya kizuizi badala ya kwenda kwa wenzetu wa bondeni. Na mahali penye tope watu watalima tena. Ndivyo tulivyoambiwa, na safari hii naamini.

Kisha mtaalamu wa udongo akapanda juu na kamba na vigingi. Tukamfuata. Akasema kazi yote ya chini ni bure kama kichwa cha korongo hakijatibiwa. Ukingo umesimama wima, maji yanaanguka kama kutoka darini, yanachimba mguu wake, ukingo unaporomoka, korongo linapanda mlima. Lazima tuukate ulale mshazari kama paa, halafu tupange mawe na kupanda nyasi. Akaongeza usipoziba ufa. Tukaguna wote. Hiyo tumeimbiwa tangu darasa la kwanza.

Akaanza kupiga vigingi. Cha mwisho akakipigilia upande wa pili wa kaburi la mume wetu. Kaburi lote limo ndani ya kamba.

Kila mtu alinitazama mimi. Yeye hakujua kitu. Akauliza haya mawe yaliyopangwa vizuri hivi ni kazi ya nani. Nikamwambia ya mke mwenzangu.

"Kayapanga juu ya nini?"

"Juu ya mume wangu."

Akavua kofia. Masikini, ni kijana mstaarabu. Akabaki ameishika hiyo kofia mpaka tukateremka.

Jumatano, 6 Septemba

Nilitaka kumwambia Bi Mkubwa mwenyewe, taratibu, akiwa ameshiba. Nikachelewa siku moja tu, watu wa mashine ya unga wakaniwahi. Jioni nimemkuta anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema anasikia tunataka kumfukua mume wake.

Mume wake! Na mimi nilikuwa nimeolewa na nani — jirani?

Nilimeza hilo, nikamweleza habari ya ukingo, maji, vigingi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wakate upande mwingine. Nikamwambia kichwa cha korongo ni kimoja, hakina upande mwingine. Akasema basi wakiache. Akaendelea kuchambua, jiwe huku, punje huku.

Najua kinachomuuma. Ubavuni mwa kaburi kuna nafasi yake. Aliipima mwenyewe mwaka ule ule tulipozika. Amepanda maua ya njano hapo, na kila mgeni lazima apelekwe akaone: hapa ndipo mimi. Hakuzaa. Kwao wamebaki watoto wa ndugu wasiomjua hata sura. Anasema hicho ndicho kiwanja chake peke yake duniani. Anasema akicheka, lakini ukimtazama machoni hacheki.

Mimi nafasi yangu haipo. Ubavu wa pili ni shamba la jirani. Siku anapima hakuniuliza, na mimi sikusema kitu. Nilikuwa msichana bado, nani ana haraka na mambo hayo? Lakini iliniuma. Leo ndiyo nakiri, maana nimejikuta nasaga meno.

Alhamisi, 7 Septemba

Shemeji amekuja, yeye na fimbo yake na kikohozi chake. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu, basi kila jambo la ukoo lazima lipite kwake, na likifika kwake hulirudisha lilikotoka. Akasema suala hili ni la wajane. Wakikubali wote wawili, yeye hana neno. Mmoja akikataa, yeye hana neno vilevile. Ameondoka ameshiba chai.

Habari yenyewe ni hii. Mtaalamu amesema mbele ya wote: kama kichwa hakijakatwa kabla ya mwezi kwisha, mawe, waya na ajira vinahamishiwa mlima wa pili. Wenzetu kule wamekwisha kubali kila kitu, wanangoja. Mvua itatukuta na vizuizi nusu nusu, na itavizika. Hakutisha, hakupandisha sauti. Alisema tu.

Watu wakatawanyika bila kuaga. Wengi wao hawakuwa na kibarua mwaka mzima kabla ya hapa. Mama mmoja ninayebeba naye mawe amenunua mbuzi jike kwa kazi hii, na mbuzi ana mimba. Akanishika mkono, akasema, "Dada, ongea naye." Kila mtu ananiambia ongea naye. Kama vile mimi nina ufunguo wake.

Na sisi wenyewe je? Shamba letu limebaki utepe. Marehemu alikuwa fundi baiskeli. Ukulima alijifunza kwa hasira. Mwaka mmoja maji yalituama kwenye mahindi, akachukua jembe akachimba mfereji kutoka juu mpaka chini, moja kwa moja, wima, maji yapite haraka yasituchezee. Yakapita haraka! Mwaka uliofuata mfereji ulimfika mtu magotini. Uliofuata, ng'ombe akatumbukia. Sasa kila mtu analiita Korongo la Fundi. Wengine huachiwa ng'ombe, sisi tumeachiwa korongo.

Alitaka azikwe pale juu, mwanzoni mwa shamba, alipokuwa akikaa kupumzika. Wakati ule korongo lilikuwa mbali. Hakuna aliyedhani litamfuata.

Jumapili, 10 Septemba

Hakuna kazi. Mwenye Punda amepita tena. Barabara iko kule, yeye kapita huku! Ndiye anayeleta mawe ya mradi kwa mkokoteni. Kafiwa na mke, mpole, anaongea na punda wake kuliko anavyoongea na watu. Alinikuta nakamua nguo. Akasema, huku akimtazama punda, kwamba angependa kwenda kwa shemeji yangu kuzungumza jambo la maana, ikiwa mimi sina kinyongo.

Nikasema angoje kazi iishe.

Sikusema hapana. Mikono ililoa na sabuni, nikaifuta kwenye gauni mara nyingi bila sababu. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi! Nina watoto wawili na mgongo mzima na sijafa.

Anakaa upande wa pili wa kijiji. Nikienda, watoto nakwenda nao. Bi Mkubwa atabaki na kuku.

Alipotoka kuchota maji aliona kinyesi cha punda mlangoni. Akakizoa kwa koleo akakitia kwenye bustani yake ya mboga. 

Jumanne, 12 Septemba

Zamu yake. Nilidhani atasusa. Wapi! Amekataa kichwa cha korongo kikatwe, lakini kazini kaenda kabla ya jua, amevaa kizibao, kajifunga kitambaa kiunoni. Nikamuuliza mbona anakwenda. Akasema mawe hayajamkosea.

Nilimpelekea chakula mchana. Amekaa peke yake. Kawaida wanawake wenzake humzunguka, maana ana ulimi wa kuchekesha, anaweza kumwigiza nyapara mpaka watu wakamwaga maji. Leo hakuna. Walikaa kivuli kingine, kama vile kile chake kina siafu. Alikula polepole, kanipa sahani, kasema chumvi imezidi.

Wakati nakwenda, mtaalamu akanisimamisha. Akaniuliza kwa heshima kama yale mawe ya kaburini yamewekwa lini. Nikamwambia kila mwaka anaongeza. Kila baada ya mvua Bi Mkubwa hubeba mawe kutoka mtoni akajenga ukuta mdogo kuzunguka kaburi upande wa juu, ili maji yasimguse. Mwaka jana aliupandisha mpaka kiunoni.

Akanichukua kunionyesha. Maji yakiteremka yanagonga ule ukuta, yanakosa njia, yanabanwa pembeni, yanazunguka kwa nguvu na kuanguka korongoni nyuma ya kaburi. Pale yanapoangukia pamechimbika shimo kubwa, udongo wa chini ya kaburi umeliwa kwa ndani. Kwa juu huoni. Ukuta usingekuwepo, alisema, maji yangepita juu kwa upole, na kaburi lingekuwa na miaka mingi zaidi.

Akasema, "Mama, usimwambie kwa namna mbaya." Kijana wa watu.

Nilirudi nyumbani na sahani kichwani na hilo jambo kifuani. Kila mwaka nilikuwa namwona akibeba. Mgongo ulimwuma kwa ajili ya mawe yale.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimemwambia kwa namna mbaya.

Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata haya. Ilianza na kitu cha kipuuzi, kuni mbichi. Akasema siku hizi akili yangu haiko jikoni, iko kwa wenye wanyama. Nikasema bora wanyama kuliko mtu anayewanyima watoto wa wenzake chakula kwa sababu ya maua. Akasema wewe una watoto, utazikwa na watoto, mimi nimebaki na yule pale tu. Nikasema yule pale ni wako peke yako? Akasema wewe ulimkuta amekwisha kuwa mtu, mimi nilimkuta hana hata pampu ya kupulizia gurudumu.

Hapo nikamtupia. Nikasema unayemlinda ndiye unayemwangusha. Mawe yako ndiyo yanayomla. Kila jiwe ulilobeba ni jembe ulilompiga. Nikamweleza yote, ukuta, maji kubanwa, shimo la nyuma. Niliyasema vizuri sana, kama mtaalamu. Ningeulizwa mtihani ningepasi.

Alikuwa ameshika sufuria. Akaiweka chini taratibu isitoe sauti. Akatazama viganja vyake, hivi, vimeota sugu za mawe. Akaingia chumbani kwake.

Ningempiga kofi ingekuwa nafuu. Mungu wangu, nimesema nini!

Jumamosi, 16 Septemba

Hajala. Mwanangu wa kike kamgongea mlango na uji, kaambiwa, "Weka hapo, mwanangu, nitakunywa." Umeganda.

Mdogo wake kaniuliza Mama Mkubwa anaumwa nini. Nikasema mgongo.

Nimegonga mwenyewe. Nimesema nisamehe, dada.  Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaenda kulisha kuku wake, maana walikuwa wanalia.

Jumatatu, 18 Septemba

Zamu yangu. Nimeamka kizibao kiko juu ya kiti changu, kimefuliwa, kimekunjwa. Yeye hayupo.

Nilijua alipo. Nimempitia njiani kwenda kazini. Yuko kaburini, anabomoa ukuta. Anachukua jiwe moja, analifuta udongo kwa upindo wa kanga, analibeba mpaka mbali na ukingo, analiweka chini. Harushi. Anarudi kuchukua lingine.

Nikainama nimsaidie. Akasema, "Usiguse." Sauti ndogo tu.

Basi nikateremka kazini. Kutoka chini tunamwona, sote, tukiwa na karai zetu. Anakwenda, anarudi.  Hata nyapara hakupiga filimbi yake ya saa nne. Yule mama wa mbuzi alilia waziwazi, akipanga mawe na kulia.

Mchana mtaalamu akaniuliza kama nilimwambia. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa namna gani. Nikasema kwa namna yangu. Akatikisa kichwa, akaenda kupima waya.

Jumatano, 20 Septemba

Kumekuwa na rasharasha alfajiri. Mvua ya kudanganya, haikulowesha hata vumbi la uani. Lakini kulipokucha Bi Mkubwa akanigongea. Siku zote hizi ndiyo mara ya kwanza. Akasema njoo uone.

Ubavu wa korongo umeporomoka. Kipande chenye maua ya njano chote kimekwenda. Nafasi yake! Maua yako chini kabisa, yamesimama wima ndani ya bonge la udongo kama bado yamepandwa. Na upande wa miguu wa kaburi umebaki hewani. Ukiinama unaona ubao.

Nilidhani atapiga kelele. Alikaa chini, miguu akaining'iniza korongoni kama msichana wa mtoni. Nikakaa naye. Nilimshika mkono na hakuutoa.

Akasema alimwambia Fundi asichimbe ule mfereji wima. Alimwambia auzungushe. Fundi akamwambia mwanamke, maji yana haraka zake. Akacheka kidogo. Nikacheka na mimi, maana ndivyo alivyokuwa anaongea hasa, kidole juu.

 Kisha akasema: "Nimekubali. Lakini hawatamgusa wao kwa sururu zao. Tutamtoa mimi na wewe."

Nikasema sawa.

Akasema jingine, bila kunitazama. "Punda wa yule mtu kapajua hapa kuliko kwao."

 Nilisikia masikio yanawaka. Akasema yeye si mtoto, ana macho, na mwanamke wa umri wangu hawezi kuolewa na korongo. Akasema hivyo kwa upole, na ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningejua pa kushika.

Alhamisi, 21 Septemba

Mbio kutwa. Shemeji amekwenda na sisi ofisini kuomba kibali cha kuhamisha kaburi. Njia nzima anasema yeye alikuwa na wazo hilo tangu mwanzo. Kibali kimetoka. Kiongozi wa dini atakuja kuomba. Mtaalamu amechagua mahali papya, juu ya nyumba, penye mwamba chini, maji hayapiti. Amepima mwenyewe kwa kamba na bomba lake la maji la kupimia mteremko. Bi Mkubwa akamfuata nyuma akimuuliza maswali. Maji yakija kutoka kule? Na yakija kutoka huku? Alijibiwa yote. Mwisho akasema, "Safari hii hakuna ukuta." Kijana akasema, "Hakuna, mama. Nyasi tu."

Wanawake wamerudi kumsalimu. Yule wa mbuzi kaleta maziwa — ya mbuzi wa kuazima, kasema, wake bado. Bi Mkubwa kayapokea, kauliza mbuzi anaitwaje. Nimeona watu wanapumua.

Mwenye Punda amejitolea mkokoteni. Njia ni ya kupanda, hatuwezi kumbeba sisi wenyewe. Alikuja kuniambia mimi. Nikamwambia akamwambie Bi Mkubwa. Akaenda, kofia mkononi. Wanaume wote wa mradi huu wanavua kofia kwetu siku hizi.

Jumamosi, 23 Septemba

Naandika mchana, haraka.

Watoto tuliwapeleka kwa jirani mapema. Watu wa mradi wote walikuja ingawa leo si siku ya kazi. Walisimama nje ya kamba. Ndani tuliingia mimi na Bi Mkubwa, na mtaalamu alikuwa amesimika nguzo za kushikilia ukingo usitubebe na sisi. Kiongozi wa dini akaomba. Tukaanza.

Udongo ulikuwa laini. Yeye jembe, mimi karai. Akichoka tunabadilishana bila kuambizana, kama kizibao. Mgongo wake unamtesa lakini leo hakugusa kiuno hata mara moja. Tulipofika kwenye mbao tukaweka majembe kando, tukatumia mikono.

Nilikuwa nimeapa sitatazama. Nikatazama. Si yeye, na ni yeye. Kilichonishika ni bamba la mshipi wake, lile lenye picha ya nanga. Bi Mkubwa akalifuta kwa kidole, akasema huu mshipi nilimnunulia mimi. Nikasema hapana, dada, huu nilimnunulia mimi, siku ya mnada. Akasema wa mnada ulikuwa wa simba. Tukabishana! Pale pale, tumepiga magoti ndani ya kaburi la mtu, tunabishana habari ya mshipi, mpaka kicheko kikatushika, kisha kikageuka kilio, na hatukuweza kusimamisha wala hiki wala kile. 

Tukamtoa sisi wawili. Mwepesi. Sikujua atakuwa mwepesi hivyo.

Mkokoteni umempandisha polepole, Mwenye Punda mbele akimwongelesha punda kwa sauti ya chini, sisi nyuma, watu wote nyuma yetu. Mawingu yamejaa upande wa mlima. Tulipofika mahali papya vijana wakashika sururu, Bi Mkubwa akawazuia. Hakuna shimo kabla hajapima.

Akaomba kamba ya mradi. Akasema Fundi hapa, akapigilia vigingi. Mimi hapa, ubavu wa kushoto, akapigilia. Kisha akabaki amesimama na vigingi vingine mkononi. Akaniita mbele ya watu wote, shemeji, nyapara, kiongozi wa dini, wote:

"Mdogo wangu, na wewe je? Nikuwekee wapi?"

Shemeji akakohoa. Mwenye Punda alikuwa ameshika hatamu. Akainama akaanza kumkagua punda kwato. Kwato! Punda mzima kabisa.

Nikasema nakwenda kuchukua shuka la kumfunikia. Ndiyo maana niko humu ndani, nimekaa juu ya gunia la mahindi, naandika kwenye goti. Shuka nimeshalipata. Ni lile jipya, lilikuwa juu kabisa kwenye sanduku, wala sikulitafuta.

Miaka yote hii nilitaka aniulize. Sasa ameuliza.

Nikisema ubavu wa kulia, yule bwana atafunga mkokoteni wake na kwenda zake na hatapita tena huku, ni mtu wa heshima. Nikisema usiniwekee, Bi Mkubwa atazika mume peke yake leo, na jioni atarudi kwenye ua wenye kuku. Na haulizi kwa ujanja. Namjua. Akitaka kukutega hutabasamu, na leo hakutabasamu. Anataka kujua tu, apime sawasawa.

Matone yameanza kupiga bati. Makubwa. Kwa dirishani namwona Mwenye Punda amefunika mkokoteni kwa turubai lake mwenyewe, naye analowa. Watu wanakimbilia chini ya mwamba. Bi Mkubwa hajakimbia. Amesimama pale pale, vigingi amevikumbatia kifuani, anatazama mlango.

Ananiita. Nimeitika nakuja, na bado nimekaa.